Muulize Bibi Shamba: Mpe Mtoto Tuta Lake

Barua zilizonifikia safari hii karibu zote zimeandikwa na watu wenye watoto wadogo, na zote zinazunguka jambo moja: namna ya kulima mboga nyuma ya nyumba ukiwa na mtoto ambaye hajafika hata umri wa darasa la kwanza. Nimefanya kazi ya ugani miaka mingi, nikawafundisha watu wazima, na sasa mwenzangu bustanini ni mjukuu wa miaka minne. Kwa hiyo nimezisoma kwa moyo wote. Nyingine nimezijibu kwa kirefu, nyingine kwa ufupi, kwa kadiri swali lenyewe lilivyotaka.

*Shikamoo Bibi Shamba. Nina binti wa miaka mitatu na nusu. Nyuma ya nyumba tuna nafasi ndogo, jua linapiga tangu saa moja asubuhi hadi saa saba mchana, kisha ukuta unaweka kivuli. Natamani tulime mboga pamoja, ila mtoto hana subira na mimi sijawahi kupanda hata jani. Nianzie wapi? — Mama Binti*

Marahaba mwanangu. Hesabu yako ya jua ni saa sita, na saa sita zinatosha. Mboga za kuzaa matunda, kama nyanya, pilipili na biringanya, hazitaki kupungukiwa na hapo. Mboga za majani zinaridhika hata na saa nne.

Lakini usianze na nyanya. Najua ndiyo kila mtu anaitamani. Tangu mbegu mpaka tunda jekundu ni miezi mitatu au zaidi, na kwa mtoto wa miaka mitatu na nusu huo ni muda asioweza kuushika kichwani. Anza na figili. Udongo ukiwa na joto, figili huchomoza ndani ya siku 3 hadi 5, na baada ya wiki 4 hivi unaing'oa. Mtoto anaweza asiipende kwa ukali wake, na hilo lisikusumbue. Unachokitafuta katika zao la kwanza ni yeye kuona kwamba kile alichokifukia kimetoka, kimekua, na amekivuna kwa mkono wake kabla hajasahau kwamba alikipanda.

Zao la pili liwe maharage, kwa sababu mbegu yake ni kubwa na vidole vidogo vinaweza kuishika moja moja. La tatu liwe mchicha au saladi. Hizo unakata majani ya nje na mmea unaendelea kutoa mengine, hivyo mtoto anavuna tena na tena kutoka shina lile lile.

Kina cha kupandia ni mara mbili au tatu ya unene wa mbegu. Harage liingie sentimita 3, figili sentimita 1. Mbegu za mchicha ni ndogo kama vumbi, na mkono wa mtoto utazimwaga zote mahali pamoja. Zichanganye kwanza na mchanga mkavu, gao moja la mtu mzima linatosha, kisha mwache anyunyize huo mchanga mwenyewe. Juu yake tia udongo laini kidogo tu.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolitilia mkazo kuliko yote. Binti yako awe na tuta lake. Upana nusu mita, urefu mita moja. Sisi wakubwa tunalima tuta la upana wa mita 1.2 kwa kuwa mikono yetu inafika katikati kutoka kila upande. Mkono wake haufiki, ataingia na kukanyaga, na udongo uliokanyagwa unashikamana hadi mizizi inakosa hewa. Zungushia mawe ili mpaka uonekane. Na tafadhali, liwe mahali penye jua zuri na udongo mzuri. Nimetembelea nyumba nyingi ambamo mtoto amepewa kona ya kivulini ambako hata magugu hayaoti, akapewa koleo la plastiki linalopinda na mbegu zilizobaki za mwaka juzi. Hakikuota kitu. Mtoto anaacha, na wazazi wanasema hapendi kilimo. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeanzisha shule za chekechea na kuzipa jina la bustani ya watoto mwaka 1840, alitaka kila mtoto awe na kipande chake cha ardhi, kando ya vile vinavyolimwa na wote. Naona alikuwa sahihi kabisa. Kwenye kipande cha wote mtoto ni msaidizi. Kwenye chake, mmea ukinyauka anajua nani hakumwagilia.

Vifaa viwe vya kweli lakini vidogo: koleo la mkono la chuma, na chombo cha kumwagilia kinachoingia lita moja. Lita moja ya maji ni kilo moja, na kilo moja anaiweza. Akibebeshwa lita tano, atamwaga zote kwenye mche wa kwanza anaoukuta.

Kuhusu subira, usimdai. Nendeni bustanini kila asubuhi kwa dakika kumi au kumi na tano, kisha muondoke kabla hajachoka. Kumpeleka mara moja kwa juma na kumkalisha huko kwa muda wa saa tatu kunamfanya achukie mahali penyewe.

*Shikamoo Bibi. Kijana wangu wa miaka minne anafukua mbegu kila siku kuangalia kama zimeota. Nimemkataza, nimemgombeza, haachi. Kwa mwendo huu tutavuna kweli? — Baba wa Watoto Wawili*

Marahaba baba. Acha kumgombeza, nakuomba. Mtoto anayefukua mbegu ana swali, na swali lake ni zuri: huko chini kunatokea nini? Mpe namna ya kuliona jibu.

Chukua chupa pana ya kioo au plastiki inayopitisha mwanga. Loweka maharage usiku mmoja. Tandika karatasi laini iliyolowa kuzunguka ndani ya chupa, kisha penyeza maharage kati ya karatasi na ukuta wa chupa ili yaonekane kwa nje. Karatasi ibaki na unyevu tu. Mbegu nayo inavuta hewa, ikizama majini inaoza. Baada ya siku mbili tatu ganda litapasuka na mzizi utatoka. Mwonyeshe kwamba mzizi ndio unaotangulia, shina linafuata. Kisha mlaze chupa ubavuni. Kesho yake ncha ya mzizi itakuwa imeanza kupinda kuelekea chini upya, kwani mzizi unahisi uvutano wa dunia. Mwache alaze chupa upande mwingine, aone unapinda tena. Hilo litampatia siku nyingi za kutazama, na mbegu za tutani zitapumzika.

Majani mawili ya kwanza yakikunjuka, hamisheni mche kwenye tuta pamoja na karatasi iliyoshikana na mizizi, maana maharage hayapendi kusumbuliwa mizizi.

Tena, kwenye tuta lake weka mstari mmoja mfupi ambao ni wa kufukua. Mwambie waziwazi: huu unaruhusiwa kuufukua kila siku, ile mingine tunaisubiri. Watoto wengi wa miaka minne wanaufuata mpaka wa namna hii kuliko wanavyofuata katazo tupu.

Na maharage yakimaliza kuzaa, usiyatupe kabla hamjayang'oa pamoja. Kwenye mizizi mtaona vinundu vidogo. Ndani yake wanaishi bakteria wanaochukua nitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Mmea nao unawalipa kwa sukari. Pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, hakifanyi, au kimekwisha kazi yake. Mwanao, kwa jinsi ulivyomweleza, atapasua vyote.

Karoti ziwekeni baadaye. Zinachukua wiki 2 hadi 3 kuchomoza, na kwa huyu kijana hiyo ni kutafuta ugomvi.

*Hujambo mwenzangu. Nalea mjukuu wa mwaka mmoja na nusu. Kila nikimweka chini bustanini anatia udongo mdomoni. Binti yangu anasema bustani ni hatari, nyumba yetu ni ya zamani, rangi ya ukutani inabambuka, halafu natumia samadi. Nifanye nini? — Bibi Anayelea*

Sijambo mwenzangu, pole na malezi. Binti yako ana hoja, na nitazipanga kwa uzito ninaouona mimi.

La kwanza hakulitaja yeye, nalo ni maji. Mtoto wa umri huo anaweza kuzama kwenye ndoo yenye maji ya kina cha sentimita 5 tu, kwa sababu kichwa chake ni kizito na akitumbukia hawezi kujiinua. Ukimaliza kumwagilia, mwaga yaliyobaki na ufudikize ndoo. Pipa la maji ya mvua liwe na kifuniko kinachofungwa.

La pili ni rangi. Rangi za zamani nyingi zilitiwa madini ya risasi. Marekani, kwa mfano, ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978. Vipande vinavyobambuka vinaanguka chini ya ukuta, na risasi haiozi. Inabaki kwenye udongo miaka na miaka. Kando ya barabara kubwa nako kuna mabaki ya petroli yenye risasi, ambayo nchi ya mwisho kuiuza kwa magari, Algeria, iliiacha mwaka 2021. Madini haya yanadhuru ubongo wa mtoto, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo hamisha tuta, liwe mbali na ukuta huo mita kadhaa. Afadhali zaidi, panda kwenye masanduku au ndoo zilizotobolewa chini, na ujaze udongo uliotoka mahali safi. Ardhi iliyo wazi karibu na ukuta ifunike kwa nyasi au kokoto ili vumbi lisimfikie. Ukipata maabara ya kupima udongo, pima. Mikono ya mtoto ioshwe kwa sabuni kila mnapotoka bustanini, kabla hajagusa chakula.

Kutia udongo mdomoni mara moja moja ni tabia ya umri wake. Ila akiwa anautafuta na kuumeza kila siku, mpeleke kliniki apimwe damu na minyoo, kwani pengine ana upungufu wa madini ya chuma.

Samadi isiwe mbichi. Samadi mbichi inaweza kubeba vijidudu vya kuharisha kama E. coli na Salmonella. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka zipite siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna mboga zinazogusa udongo, na siku 90 kwa zisizogusa. Kwenye nyumba yenye mtoto mimi natumia mboji iliyooza vizuri tu, ile isiyonuka na ambayo huwezi tena kutambua ilitokana na nini. Kinyesi cha mbwa na paka kisiingie kabisa, kina mayai ya minyoo na vimelea. Paka wanapenda udongo uliotifuliwa, basi funika tuta kwa wavu mpaka mimea ishike.

Yafuatayo nayasema haraka lakini usiyaruke. Majani ya nyanya na ya viazi mviringo hayaliwi, na kiazi kilichogeuka kijani kitupwe. Maharage mabichi yana sumu mpaka yachemke vizuri. Tena watoto wanapenda kuyatia puani na masikioni, na harage likipata unyevu linavimba. Likiingia, usilichokonoe, nenda hospitali. Mbegu zenye rangi ya waridi au buluu isiyo ya asili zimepakwa dawa, mtoto asizishike. Na hakikisha chanjo yake ya pepopunda iko sawa.

Ukishayafanya haya, mrudishe bustanini, mwenzangu. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaweza kuchuma jani ukimwonyesha, na anaweza kukupokea nyanya na kuiweka kikapuni.

*Bibi shikamoo. Mwanangu alipanda spinachi mwenyewe, akamwagilia, akavuna kwa furaha. Mezani akakataa kuigusa! Nimevunjika moyo. — Mama wa Miaka Mitano*

Marahaba. Usivunjike moyo. Kati ya miaka miwili na sita watoto wengi wanaogopa chakula kipya, na wengi wanahitaji kukionja mara nane, kumi, hata kumi na tano ndipo wakubali. Endelea kuweka kidogo kwenye sahani yake, bila kumlazimisha na bila kumpa zawadi akila. Wewe kula mbele yake. Jambo ambalo nimeona linasaidia ni kuionjea bustanini: jani changa, lioshwe, litafunwe pale pale likiwa bichi. Asipolipenda alitoe. Walio chini ya miaka minne wasipewe nyanya ndogo za mviringo nzimanzima, zipasue mara nne kwa urefu. Karoti mbichi wakwangulie, zisiwapalie.

*Shikamoo Bibi Shamba. Majani ya maharage ya mtoto yamejaa wadudu weusi wadogo wadogo. Mume wangu ana dawa kali ya kupulizia. Nimemwomba asubiri jibu lako. — Mama Mapacha*

Marahaba, na umefanya vyema kumwomba asubiri. Hao ni vidukari. Wananyonya utomvu na kutoa majimaji matamu, ndiyo maana sisimizi wanapanda na kushuka shinani. Wafundishe mapacha dalili hiyo: wakiona msururu wa sisimizi kwenye shina, wageuze majani watazame chini yake.

Sababu yangu ya kukataa dawa kali kwenye tuta la mtoto ni hii. Kila dawa ina siku za kungoja kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye kibandiko. Mtoto aliyezoea kuchuma na kutafuna hangoji siku hizo. Bustani ambayo mtoto anakula papo hapo haifai kuwa na kitu kinachohitaji kungojewa.

Anza na maji: shika jani kwa mkono mmoja, likinge kwa chini, na warushie wadudu maji kwa nguvu kidogo. Wengi wakianguka hawarudi. Wakizidi, changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji. Jaribu kwanza kwenye jani moja, ungoje siku, kisha pulizia jioni upande wa chini wa majani, na asubuhi suuza. Sabuni inaua mdudu iliyemgusa tu, hivyo rudia baada ya siku chache. Kabla ya kupulizia, angalia kama kuna wale wadudu wa mviringo wenye mgongo mwekundu na madoa meusi. Hao na watoto wao, ambao hawafanani nao hata kidogo, ni wachangamfu wa kula vidukari. Ukiwaona, weka sabuni chini na uwaachie kazi.

*Shikamoo Bibi. Asubuhi tumekuta mche wa nyanya wa mwanangu umekatwa chini kama kwa kisu. Alikuwa ameupa jina. Bado hajauona. Mume wangu anasema tutafute mwingine tuupande usiku, asijue. Tufanye hivyo? — Mama Mwenye Haraka*

Marahaba mwanangu. Msifanye hivyo. Najua mnataka kumwepusha na machozi, na ni upendo. Lakini mkiubadilisha usiku, mtoto anajifunza kwamba mimea haifi, na siku moja itakufa mbele yake mkiwa hampo. Vilevile mnamnyang'anya kitu kizuri sana, kwani huu mkasa una mhalifu, na mhalifu bado yuko pale.

Shina lililokatwa usawa wa udongo usiku ni kazi ya sota. Nendeni na mtoto sasa hivi. Mwonyesheni mche, mwacheni alie kama atalia. Kisha mfukue polepole kuzunguka kisiki, kina cha sentimita 5, umbali wa kiganja kila upande. Mara nyingi mtamkuta: kiwavi mnene wa rangi ya udongo, ukimgusa anajikunja kuwa duara. Mchana anajificha, usiku anatoka kula. Mtoto akimwona atakuwa na sababu mkononi mwake, na mwenye sababu hulia kwa namna nyingine.

Halafu mpande mwingine mchana, yeye akiwa ameshika koleo. Kateni ukanda wa karatasi ngumu, muuzungushe kwenye shina kama kola, sentimita 3 ziingie ardhini na 5 zibaki juu. Sota hapiti hapo. Mche mpya apewe jina jipya au lile lile, hiyo ni hiari yake. Na kuanzia sasa apande miche miwili au mitatu, asitegemee mmoja.

*Bibi, shikamoo. Boga letu linatoa maua mengi mazuri, yanaanguka bila kuzaa. Binti yangu wa miaka sita anauliza kila siku kwa nini. — Baba Binti*

Marahaba. Boga lina maua ya aina mbili kwenye mmea mmoja, na ya kiume hutangulia wiki moja au mbili, kwa hiyo hayo yanayoanguka huenda yamemaliza zamu yake bila ubaya wowote. Mwambie binti atazame nyuma ya ua. Ua dume linakaa juu ya kikonyo chembamba kilichonyooka. Ua jike lina boga dogo, la ukubwa wa gololi, kati ya kikonyo na petali.

Yakianza kutoka majike nayo yakaanguka, basi nyuki ni wachache na itabidi binti awasaidie. Maua hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri, kwa hiyo mwende mapema. Achume ua dume lililofunguka leo, aondoe petali zote, ibaki nguzo ya katikati yenye unga wa njano. Aguse nao katikati ya ua jike, azungushe taratibu, sehemu zote zipate. Dume moja linatosha majike mawili. Afunge uzi wa rangi kwenye kikonyo cha kila ua alilolihudumia, asije akasahau ni yapi. Katika juma moja, lililoshika litakuwa limenenepa, na lisiloshika litageuka njano na kudondoka. Yakishashika maboga mawili au matatu kwenye mmea mmoja, kateni ncha za matawi yake, na chini ya kila boga tieni ubao au nyasi kavu lisigusane na udongo wenye maji.